MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: UTALII NA VIWANJA VYA MICHEZO

Hii ni hotuba iliyotolewa na Katibu wa Elimu wa tawi letu mbele ya mkutano wa wanachama wafanyao kazi katika mahoteli ya pwani ya kaskazini ya Mombasa. Wanachama wengi waliokuwa zamu siku hiyo wameomba ichapishwe. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako nakala yako.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa halmashauri ya tawi, akina mama na akina baba, ndugu zangu wanachama. Nawashukuru kwa kuja. Najua wengine mmetoka zamu ya usiku na bado hamjalala, na wengine saa kumi mnatakiwa kuwa jikoni. Kwa hivyo sitazunguka mbuyu.

Halmashauri imeniagiza niseme juu ya jambo lililoleta maneno mengi kazini kwa muda wa miezi mitatu sasa. Nyote mnaujua uwanja ule ulio nyuma ya nyumba za watumishi, pale timu yetu ichezapo na vijana wa kijijini, na akina mama wetu huchezea netiboli siku za Jumapili. Mwajiri mmoja wa hapa, ambaye simtaji kwa kuwa mazungumzo hayajakwisha, ametoa habari kwamba ataka kuuzungushia ua. Ataka kutengeneza viwanja vya tenisi na mahali pa kujifunzia gofu, vyote kwa ajili ya wageni wake tu.

Wanachama wamegawanyika. Wengine wasema, kazi kwanza, mpira baadaye. Mgeni akipata gofu atakuja, na akija sisi tutapata mshahara. Wengine wasema, tugome kesho asubuhi. Mimi nawaambia kwamba pande zote mbili zimesema upesi mno. Kabla ya mtu kukubali au kukataa, yampasa ajue jambo lenyewe limetoka wapi na laelekea wapi. Hiyo ndiyo kazi yangu leo.

WATALII WANABADILIKA

Kwanza tuangalie biashara hii inayotulisha. Mwaka 1950, watu waliosafiri kwenda nchi nyingine kwa matembezi duniani kote walihesabiwa kuwa kama milioni 25. Mwaka 2019 walikuwa karibu bilioni moja na nusu. Ndugu zangu, hakuna shamba la kahawa wala la mkonge lililopata kukua namna hiyo. Lakini kitu kikuacho upesi huweza pia kuanguka upesi, na sisi hapa pwani twalijua hilo kuliko wenye vitabu.

Wazee wetu hapa wakumbuka mwezi wa Agosti 1997, fujo zilipotokea Likoni, jinsi mahoteli yalivyokuwa matupu. Ikaja tena mwanzoni mwa 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi. Mwezi wa Mei 2014, kampuni za watalii za Uingereza ziliwaondoa wageni wao Mombasa kwa sababu ya onyo la serikali yao, na wengine wetu tukapewa barua za likizo bila malipo wiki ile ile. Halafu ukaja ugonjwa wa korona mwezi wa Machi 2020. Mwaka 2019 Kenya ilipokea wageni zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 hawakufika laki sita. Mimi mwenyewe niliuza mihogo ya kukaanga kando ya barabara kwa miezi saba, na sioni haya kusema hivyo, maana mihogo ile ndiyo iliyowalisha watoto wangu.

Sasa wageni wamerudi. Mwaka 2024 walifika kama milioni 2 na laki nne. Lakini sikilizeni vizuri: waliorudi si wale wale. Zamani mgeni wetu wa pwani alikuwa Mjerumani, Mwingereza au Mwitaliano, aliyekuja na ndege iliyokodiwa na kampuni, akakaa wiki mbili katika hoteli moja, akala kwetu asubuhi, mchana na jioni. Tulimzoea kwa jina, na mwaka uliofuata alirudi. Siku hizi katika hesabu ya taifa Wamarekani ndio wanaoongoza, nao wengi huja kwa ajili ya wanyama. Nyuma yao wafuata jirani zetu wa Uganda na Tanzania. Tangu reli mpya ilipoanza kuchukua abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, Mkenya mwenzetu naye amekuwa mgeni wetu mkubwa. Huja Ijumaa na watoto wake, na Jumapili huondoka.

Na si kila mgeni hulala hotelini. Wengi hukodi nyumba kwa njia ya intaneti, hupika wenyewe, na huajiri mtu mmoja wa kufagia ambaye hana chama wala mapatano ya kazi. Tena tuna mshindani jirani. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba mwaka 2024. Bahari ni ile ile na mchanga ni ule ule. Mgeni huangalia bei, na huangalia pia kuna nini cha kufanya zaidi ya kulala juani.

Hapo ndipo mwajiri apatapo hoja yake, nasi tusimdharau. Asema kwamba jua na bahari peke yake havitoshi tena. Neno hilo lina ukweli ndani yake.

MICHEZO IMEKUWA BIASHARA

Angalieni jinsi michezo ilivyoingia katika utalii wa nchi yetu. Mashindano ya magari ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, yalirudishwa katika orodha ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, na vyumba vya Naivasha hujaa wakati huo. Mashindano ya gofu ya Kenya Open yalianza mwaka 1967 katika uwanja wa Muthaiga, na tangu mwaka 2019 yamo katika msafara mkubwa wa wachezaji wa Ulaya. Hapa pwani, huko Vipingo katika Kilifi, ardhi iliyokuwa ya mkonge imetengenezwa uwanja wa gofu na nyumba za fahari pembeni yake. Diani na Watamu kuna wageni wajao kwa ajili ya kuvutwa na tiara juu ya maji wakati wa kusi na kaskazi.

Na kule juu, Iten, mita 2,400 juu ya bahari, wageni kutoka Ulaya na Marekani huja na viatu vyao vya kukimbilia, wakalipa chumba na chakula, ili wavute hewa nyepesi ile ile wanayoivuta mabingwa wetu. Lornah Kiplagat, mkimbiaji wetu mashuhuri, alijenga huko nyumba ya mazoezi ambayo hupokea wakimbiaji wa kila taifa. David Rudisha, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London mwaka 2012, alifundishwa Iten na Ndugu Colm O'Connell, mwalimu aliyetoka Ireland mwaka 1976.

Basi fikirini jambo hili. Mtalii wa Iten hakuvutwa na ua wala geti. Amevutwa na barabara za udongo ambazo kila mtoto wa shule hukimbia bure. Uwanja wa Kamariny, ambao ulikuwa kiwanja cha umma cha vumbi, ulitoa mabingwa kwa miaka mingi. Ulipovunjwa ili ujengwe upya, kazi ikasimama miaka mingi, na wakimbiaji waliokuwa wakifanya mazoezi hapo wakatafuta pengine. Wenye pesa walipata pa kwenda, lakini mtoto wa mkulima alirudi barabarani.

Hili ndilo ninalotaka mlikumbuke: mgeni huja kutazama au kutumia kitu ambacho wenyeji wamekifanya kiwe hai. Wenyeji wakifukuzwa pale, baada ya muda mgeni naye hataona cha kumleta.

HESABU YA ARDHI

Sasa tuingie katika gofu, na mnipe ruhusa niseme kama mtu aijuaye. Nilipokuwa kijana nilibeba mifuko ya fimbo katika klabu moja ya bara kwa miaka minne. Nilijua kila shimo na kila mteremko wa uwanja ule. Nilimwambia bwana atumie fimbo gani, naye alinisikiliza. Lakini sisi makedi tulikuwa na siku moja tu ya kucheza, nayo ni Jumatatu, wakati wenyewe hawapo. Siku nyingine yoyote ukionekana umeshika fimbo kwa ajili yako mwenyewe, kazi huna. Na bado, wachezaji wengi wa gofu wa kulipwa tulio nao Kenya walianza kama makedi. Fikirini ni wangapi wangetokea kama siku zingekuwa mbili.

Tufanye hesabu pamoja. Uwanja wa mpira wa kadiri ya kimataifa ni mita 105 kwa 68. Hiyo ni mita za mraba 7,140. Uwanja wa gofu wenye mashimo 18 huhitaji hekta kama 50 au zaidi, yaani mita za mraba laki tano. Gawanyeni, mtaona kwamba uwanja mmoja wa gofu ni sawa na viwanja 70 vya mpira. Katika viwanja 70 watu 1,540 huweza kucheza kwa wakati mmoja. Katika gofu watu hutoka wanne wanne. Wakitoka kila baada ya dakika kumi kwa saa sita, ni watu 144 kwa siku nzima. Na majani yale lazima yanyweshewe maji, hata wakati ambapo mtaani kwetu twanunua maji kwa mtungi.

Sisemi haya ili tuichukie gofu. Uwanja wa gofu huajiri wakata majani, makedi, wapishi, wahudumu na walinzi, na baadhi yao ni wanachama wetu wazuri wasiokosa kutoa ada. Nasema ili kila mmoja ajue kwamba tunapoambiwa eneo fulani litakuwa la mchezo wa wageni, tunaambiwa pia watu wangapi wataondoka pale. Mwajiri ana haki ya kutupa hesabu yake ya faida. Sisi nasi tuna haki ya kumpa hesabu yetu.

GOFU HUKO ILIKOZALIWA

Kuna watu wadhanio kwamba gofu kwa asili yake ni mchezo wa ua na mlinzi mlangoni. Si kweli. Mji wa St Andrews huko Scotland ndio uitwao nyumba ya gofu. Mwaka 1552 askofu mkuu wa huko aliandika hati ya kukubali haki ya wenyeji wa mji kucheza katika ardhi ile ya mchanga kando ya bahari, na pia kulisha mifugo yao pale. Hadi leo ardhi hiyo ni ya umma. Tangu mwaka 1974 yatunzwa na amana iliyoundwa kwa sheria ya Bunge. Wenyeji hulipa ada ya mwaka iliyo ndogo sana mkiilinganisha na bei anayolipa mgeni. Na siku ya Jumapili, isipokuwa wakati wa mashindano makubwa, uwanja wa kale hauchezwi gofu kabisa. Watu hupita na watoto wao na mbwa wao, wakatembea juu ya majani yale yale ambayo matajiri wa dunia huvuka bahari ili wayakanyage.

Je, watalii wameacha kwenda St Andrews kwa sababu wenyeji wanatembea pale? Hawakuacha. Huomba nafasi kwa kura na hungoja. Gofu ilipoletwa kwetu ndiyo iliyovikwa ua. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, ikapewa jina la kifalme mwaka 1935. Klabu ya Muthaiga ilifunguliwa siku ya mwisho ya mwaka 1913. Mwafrika katika siku zile aliingia kwa mlango wa jikoni. Ubaguzi wa rangi katika klabu hizo uliisha, lakini ada ya kuingia ilibaki mlangoni ikifanya kazi ile ile kwa adabu zaidi.

Kwa hivyo mtu akituambia kwamba mgeni wa daraja la juu hawezi kucheza mahali ambapo mfanya kazi naye ana saa zake, tumjibu kwa heshima kwamba jambo hilo lafanyika huko huko mchezo wenyewe ulikozaliwa.

UWANJA SI WA MPIRA TU

Ndugu zangu, nataka sasa niwakumbushe jambo la mji huu wetu. Tarehe 13 Januari 1947, wafanya kazi wa Mombasa waligoma: wa bandarini, wa reli, wa mahoteli, na watumishi wa nyumbani, kama watu 15,000. Mgomo ulidumu siku 12. Hawakuwa na ofisi, hawakuwa na jumba la mikutano, wala mashine ya kuchapia kama hii yetu. Walikutana wapi? Walikutana katika kiwanja cha mpira cha Majengo, nao wakakiita Kiwanja cha Maskini. Pale pale ndipo walipounda shirikisho lao la wafanya kazi wa Kiafrika, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Kila siku walikusanyika, wakapewa habari, wakashauriana. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kuzungumza nao warudi kazini ili madai yao yachunguzwe. Baraza la Jaji Thacker liliundwa, na baadhi ya mishahara ikaongezwa. Kibachia mwenyewe alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akapelekwa kifungoni Baringo.

Sasa niulize: kama kiwanja kile kingekuwa kimezungushiwa ua wa tenisi, watu 15,000 wangesimama wapi? Uwanja ni mahali pa mpira, lakini ni mahali pa harusi, pa maziko, pa sala ya Idi, pa mkutano wa kijiji, na pa sisi kukutana tukiwa na shida. Hapa tulipo leo tumeazimwa ukumbi, na mwenye ukumbi aweza kutunyima kesho. Mfanya kazi asiye na mahali pa kukutana na mwenzake bila kuomba ruhusa ya mwajiri, huyo chama chake ni cha karatasi.

Na hili la kupokonywa viwanja si geni. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi za umma, pamoja na viwanja vya michezo na bustani, zilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Mwezi wa Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road huko Nairobi walikuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Wakaandamana na sare zao, polisi wakawapiga kwa moshi wa kutoa machozi. Watoto! Lakini nchi nzima iliona, na uwanja ukarudishwa. Na mwaka 1989, Wangari Maathai alisimama karibu peke yake kupinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park. Alitukanwa sana, lakini jengo halikujengwa. Kitu cha umma hulindwa na watu wasemao mapema, kabla ya saruji kumwagwa.

VIWANJA VIKUBWA NA VIWANJA VYETU

Mtaniambia kwamba serikali inajenga viwanja. Ni kweli. Nyayo ulifunguliwa mwaka 1983, Kasarani mwaka 1987 kwa ajili ya Michezo ya Afrika. Mwezi wa Agosti 2025 tulipokea mashindano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda. Vijana wetu waliwafunga Morocco, wakafika robo fainali, na sote tulipiga kelele mbele ya televisheni. Nchi hizo tatu zilipewa mwaka 2023 nafasi ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Hiyo ni heshima, na ni wageni, na ni kazi kwetu.

Lakini wachezaji wale waliowafunga Morocco hawakuzaliwa Kasarani. Walianzia katika kiwanja cha mtaa chenye mawe. Na hapa kwetu, Uwanja wa Manispaa wa Mombasa ulifungwa ili ujengwe upya, miaka ikapita bila timu kukanyaga majani yake, zikabaki zikitegemea uwanja wa Mbaraki, ulio wa Bandari. Uwanja mkubwa mmoja hauwezi kuchukua mahali pa viwanja vidogo hamsini, kama vile hospitali kuu haiwezi kuchukua mahali pa zahanati ya kijiji. Mfanya kazi atokaye zamu saa kumi na moja jioni, na mkewe anamngoja, hana nauli wala saa ya kwenda uwanja wa mbali. Anao uwanja ule wa nyuma ya nyumba, au hana kitu.

Wengine husema, si kuna pwani? Maji yakipwa vijana hucheza mpira juu ya mchanga. Ni kweli, na Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Lakini nyote mwajua ni njia ngapi za kushukia baharini zilizozibwa na kuta. Tena bahari ina saa zake. Haimngojei mtu amalize zamu.

SHERIA YASEMAJE

Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 41, yatupa haki ya kuwa na chama, kuzungumza na mwajiri kwa pamoja, na kugoma. Katika Jedwali la Nne yasema kwamba vifaa vya michezo, bustani, pwani na mahali pa kupumzikia ni kazi ya serikali ya kaunti. Maana yake ni kwamba kuna milango miwili ya kubisha hodi: mlango wa mwajiri na mlango wa kaunti. Tukibisha mmoja tu, kila mmoja atatuelekeza kwa mwenzake.

Juu ya kugoma kesho asubuhi, nawaomba mtulie. Mgomo ni silaha ya mwisho, nao una taratibu zake: upatanishi kwanza, kisha notisi ya siku saba. Mgomo usiofuata sheria humpa mwajiri nafasi ya kuwafukuza walio hodari wetu, na miezi ya Aprili, Mei na Juni, mvua inaponyesha na wageni ni wachache, yeye hana hasara ya kutufungia nje. Tusimpe zawadi hiyo.

MAONI YA HALMASHAURI

Halmashauri yapendekeza mambo matano, nanyi mtayapigia kura.

La kwanza, tupeleke maombi katika ofisi ya ardhi tujue uwanja ule umeandikwa kwa jina la nani na kwa matumizi gani. Baadhi yenu mwasema ni wa hoteli, wazee wa kijiji wasema uliachwa kwa ajili ya wote. Hatuwezi kuzungumza na mtu juu ya kitu tusichojua ni cha nani. Ikiwa ni wa umma, mazungumzo ni mengine kabisa.

La pili, ikiwa ni wa hoteli kweli, tusiseme hapana tupu. Tumpe mwajiri shauri la kutumia pamoja, kwa maandishi, lenye saa zake: asubuhi hadi saa tisa mchana uwe wa wageni, kuanzia saa kumi jioni na siku nzima ya Jumapili uwe wa wafanya kazi na kijiji. Akitaka tenisi, aiweke upande mmoja, na uwanja wa mpira na wa netiboli vibaki. Tumwambie pia kwamba mgeni wa siku hizi, hasa Mkenya mwenzetu ajaye na watoto wake, hufurahi kucheza mechi na wenyeji. Hilo hakulipata Zanzibar wala Dubai kwa kuangalia ukuta.

La tatu, katika mapatano yajayo ya kazi tuingize kifungu juu ya mahali pa michezo na mapumziko, ili jambo hili lisiwe hisani ya meneja huyu ambayo meneja mwingine ataiondoa. Pamoja nacho tudai kwamba kazi mpya zitakazoletwa na viwanja hivyo zipewe kwanza wale vibarua wetu walioachishwa msimu wa mvua, nao waandikwe kwa mwezi, si kwa siku. Ikiwa gofu yaleta kazi kama tunavyoambiwa, basi iandikwe ni kazi ngapi.

La nne, tupeleke watu wetu katika mikutano ya kaunti ya kupanga bajeti na mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Mikutano hiyo hutangazwa, nasi hatuendi, halafu twalalamika. Nataka katika wajumbe hao wawemo akina mama wasiopungua nusu. Mama wa idara ya vyumba amaliza kutandika vitanda kumi na sita akiwa mgongo umekufa ganzi. Yeye naye ana haki ya mahali pa kunyoosha viungo palipo na taa na usalama, si kukaa kando akishangilia wanaume tu.

La tano, sisi wenyewe tufanye kazi yetu. Uwanja ule una takataka pembeni, na milingoti ya goli imeoza. Mtu huonekana kukipenda kitu kwa namna akitunzavyo. Tuchange kidogo kidogo, tukate majani, tuweke milingoti mipya, tupange ligi ya idara: wapishi, madobi, wahudumu, walinzi, na watu wa bustani. Uwanja unaotumika kila siku ni mgumu kuchukuliwa kuliko uwanja unaolala.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi watu wa mahoteli twaishi kwa methali hiyo. Twamkaribisha mgeni kwa moyo mweupe, twampa kitanda kizuri kuliko chetu na chakula kizuri kuliko chetu, wala hatuna kinyongo. Lakini methali ina sehemu mbili. Ikiwa mgeni aja na mwenyeji hana hata pa kupigia mpira mtoto wake, hapo hakuna aliyepona. Hatumwombi mwajiri atupe mali yake. Twamwomba akumbuke sehemu ya pili ya methali, na asipoikumbuka, tutamkumbusha kwa taratibu, kwa sheria, na kwa umoja.

Sasa Mwenyekiti atauliza maoni. Mwenye kupinga na apinge waziwazi hapa, si huko jikoni kesho. Kisha tupige kura, na litakalopita liwe la wote.

Ahsanteni sana. Umoja ni nguvu.

(Baada ya hotuba, maswali yalichukua muda wa saa nzima. Mapendekezo yote matano yalikubaliwa. Juu ya la pili, wanachama waliongeza kwamba siku ya Jumatano jioni iwe ya netiboli peke yake. Kazi ya kusafisha uwanja itaanza Jumapili ijayo saa moja asubuhi. Kila mwenye panga au jembe aje nalo.)